Barua Niliyompa Aibebe

Adhiambo mwanangu,

Habari za soksi, kufuli, sabuni na jinsi ya kukunja blanketi ameshakumalizia mama yako, tena mara tatu, na najua atarudia ya nne mkiwa njiani kutoka kwa nyanya yako huko Asumbi. Hapo sina la kuongeza. Mimi nimebaki mezani na sanduku lako la bati, jua bado liko juu ya paa la jikoni, na kesho saa kama hizi utakuwa chuo cha polisi, umenyolewa nywele, unaitwa kwa namba. Tangu ulipoandikishwa nimekuwa nikitafuta siku ya kukwambia jambo moja. Siku zote zimeniponyoka, imebaki hii.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka uwanjani Homa Bay, baada ya kukimbizwa na kuhesabiwa meno? Ulisema afisa mmoja alikuuliza mbele ya wenzako kwa nini unataka kazi hii. Ukamjibu kwamba baba yako, koplo mstaafu, aliwahi kumficha mwanamke nyumbani kwenu ili mumewe asimuue, na tangu siku ile ukajua unataka kuwa polisi kama baba. Ulinisimulia hayo ukila, mdomo umejaa ugali, unacheka. Mama yako aliacha kula akanitazama. Nikainuka, nikasema naenda kumwangalia ng'ombe, na wewe wajua ng'ombe tulikuwa tumeshamuuza.

Ulichomwambia yule afisa ni kweli, ila ni nusu. Na hiyo nusu yenyewe si yangu.

Ulikuwa na miaka minane. Tulikaa katika zile nyumba za polisi za ufuoni, upande wa Migori, si mbali na Muhuru Bay. Jina la kituo unalijua, sitaliandika. Mimi ndiye niliyekuwa mezani, yaani pale watu wanapofika kuripoti, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wenzangu wote. Hata wewe ulijifunza kuandika kwa kufuatisha herufi zangu. Nilijivunia mwandiko huo, mwanangu. Nilikuwa na rula yangu mwenyewe, na mtu akiniazima kalamu nilimfuata kwa macho mpaka airudishe.

Ijumaa moja asubuhi akaja mwanamke mmoja na beseni la omena, wale dagaa wa ziwani, kichwani, kilemba kimeshushwa hadi kwenye nyusi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba lile beseni lilikuwa la kujificha. Alitaka kila aliyemwona adhani anakwenda kuanika omena. Jina lake ni Auma, lakini ufuoni pale hakuna aliyelitumia. Walimwita nyar Kisegi, binti wa Kisegi, kama tunavyowaita wake zetu kwa mahali walikotoka. Mumewe alikuwa Opiyo, fundi wa injini za boti, mtu wa utani na mikono myepesi, rafiki wa kituo kizima.

Mezani kulikuwa na watu. Mvuvi mmoja alikuja kuripoti nyavu zake zilizoibwa, na mfanyabiashara mmoja wa madukani alikuwa akisubiri barua ya kitambulisho kilichopotea. Nikamuuliza kwa sauti, jinsi nilivyomuuliza kila mtu, "Shida gani, mama?"

Akasema chini chini, "Ni mambo ya nyumba, afande."

Nami nikasema, "Nyumba imefanya nini? Imevuja?"

Watu wakacheka. Nilikuwa na mzaha wa namna hiyo siku zile. Nilidhani unawachangamsha watu. Yeye hakucheka. Alitua beseni, akapandisha mkono wa sweta hadi kiwiko, akaniacha nitazame mwenyewe. Sitakuandikia nilichokiona. Nilikiona vizuri, wala nisiseme leo kwamba sikukiona.

Sasa sikiliza jinsi tulivyofanya kazi, kwa maana hapa ndipo kosa lilipo, na usifikiri lilizaliwa kwa chuki. Gari lilikuwa moja, na mara nyingi halikuwa na mafuta. Kwa hiyo mtu akileta malalamiko, tuliandika barua ya kumwita anayelalamikiwa, na barua hiyo tulimpa mlalamishi aipeleke mwenyewe. Mbuzi wa jirani akila mahindi yako, unabeba barua kwa jirani. Mtu akihamisha mpaka wa shamba, unabeba barua. Tulifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na kwa mbuzi na mahindi ilifaa sana. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mke aliyepigwa si mwenye mahindi.

Na liko jingine, ambalo ni la aibu zaidi. Injini ya boti letu la polisi ilikuwa kwa Opiyo. Alikuwa ameifungua, iko vipande vipande juu ya gunia lake, na mkubwa wetu alilitaka boti kufikia Jumatano. Nikawaza, nikimkamata fundi leo, nani ataikusanya ile injini? Afadhali aje mwenyewe Jumatatu, kwa ustaarabu, tuongee. Niliwaza hayo kwa muda mfupi kuliko unaotumia kusoma mstari huu.

Basi nikaandika. "Unatakiwa kufika kituoni Jumatatu saa tatu asubuhi, bila kukosa, kuhusu malalamiko yaliyoletwa na mke wako." Chini ya "bila kukosa" nikapiga mstari kwa rula. Nikapiga muhuri, nikakunja mara mbili, nikampa.

Aliishika kwa vidole viwili. "Afande, sasa hii nitampea aje?"

"Mpatie tu na heshima, mama," nikamwambia. "Usiogope. Ni karatasi tu."

Aliniangalia kwa muda kidogo, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayengoja nimalizie sentensi. Kisha akaitia barua chini ya omena ndani ya beseni, akajitwika, akaenda. Nikamwita yule wa kitambulisho.

Jumatatu, hata saa tatu haijafika, Opiyo akaingia. Alikuwa amekoga, amevaa shati la kanisani. "Omera, ndugu yangu afande, nimeitika wito," akasema huku akicheka. "Mama watoto nimempeleka kwao Kisegi apumzike kidogo. Hasira zimeisha. Tumesikizana."

Nikamuuliza barua iko wapi, maana tuliziweka kwenye faili zikirudi.

"Aa, afande! Si uliniambia... si ni karatasi tu."

Mwanangu, maneno hayo sikumwambia yeye. Nilimwambia mkewe. Kama yalimfikia yeye, basi yalitoka kinywani mwa mkewe, naye mkewe hakuyasema akiwa amekaa raha mstarehe. Niliyasikia. Halafu nikafikiria injini, nikafungua kitabu cha matukio, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: mlalamishi amesafiri, pande zote mbili zimesikilizana. Jumatano boti likaelea.

Alhamisi akaja mama mtu mzima, miguu imejaa vumbi, amebeba mfuko wa viazi vitamu. "Afande, mtoto yangu hunipigia simu kila Jumapili tukitoka kanisa. Hii Jumapili hakupiga. Nimekuja kuuliza kama mmemwona."

"Mtoto wako nani?"

"Auma. Bibi ya Opiyo fundi."

"Huyo ameenda kwenu Kisegi, mama."

"Mimi ndio natoka Kisegi," akasema.

Nilibaki nimeshika kalamu. Kumbe nyuma yangu alikuwa amesimama Sajenti Mghoi, yule mama Mtaita aliyekuwa amehamishiwa kwetu mwezi ule, unamkumbuka, aliyekufundisha kusuka ukili. Hakuniuliza lolote. Alivuta kitabu, akasoma maandishi yangu ya Ijumaa, akasoma ya Jumatatu. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Koplo, barua ya wito aliibeba nani?"

"Mlalamishi."

"Na wewe ungeibeba?"

Hakungoja jibu. Alichukua askari wawili, nami nikawafuata bila kuitwa. Nyumba ya Opiyo ilikuwa nyuma ya karakana yake. Mlango ulifungwa kwa kufuli nje. Mghoi alimkuta fundi ameshika spana, akamfunga pingu na spana ile ile mkononi, kisha akaniambia nivunje mlango.

Alikuwa hai. Ninaanza na hilo kwa sababu kila ninapouota mlango ule, huwa hayuko hai. Alikuwa kwenye mkeka, uso umevimba upande mmoja hata sikumtambua, taya limevunjika. Watoto wake wawili walikuwa kwa shemeji yake kijiji cha pili. Mama yake alipiga magoti, akaanza kumwita jina lake la utotoni, na Mghoi akakaa sakafuni karibu yao, pale kwenye uchafu, na sare yake iliyopigwa pasi.

Mimi nilikuwa nimesimama, sijui mikono niiweke wapi. Ndipo nikaona karibu na mguu wa kitanda kipande cha karatasi kilichotafunwa, kimekauka, hakizidi ukubwa wa kifuniko cha soda. Nikakiokota. Kwenye kile kipande niliona mstari wangu wa rula.

Fundi alikuwa amemlisha ile barua.

"Umeokota nini?" Mghoi akauliza.

Nikasema, "Hakuna kitu." Nikakitia mfukoni.

Hilo ndilo la pili, Adhiambo, na wakati mwingine naliona kubwa kuliko la kwanza. La kwanza ningeweza kusingizia mazoea. Hili la pili nililifanya nikijua.

Nataka ujue jinsi Mghoi alivyofanya kazi yake, maana utakaa meza kama ile, na chuoni watakupa madaftari lakini hawatakupa Mghoi. Alikwenda na Auma hospitalini Migori mwenyewe, hakumtuma. Fomu ya P3, ile ya daktari kuandika majeraha, aliibeba yeye, akaingoja, akarudi nayo kwapani. Alimhoji mara moja tu, polepole, mlango umefungwa, kwa kutikisa kichwa na kwa kuandika kidogo kidogo, ili asije akalazimika kurudia habari hiyo mbele ya wanaume watano wenye shughuli zao. Alirudi kwenye ile nyumba kuchukua kitambulisho cha Auma, kadi za kliniki za watoto na nguo zao, kwa sababu alisema mwanamke asiye na karatasi zake hurudi kuzifuata, na akirudi hatoki. Watoto aliwapeleka Kisegi kwa nyanya yao, akamwachia nambari yake na ya chifu. Aliomba mahakamani amri ya kuwazuia ndugu za Opiyo wasimkaribie Auma, maana walikuwa wameanza kuzungukazunguka hospitali wakiuliza shemeji yao amelazwa wodi gani. Siku ya kesi alikaa katikati, mwili wake kama ukuta, ili Auma akitoa ushahidi asiuone uso wa fundi. Sikumsikia hata siku moja akimwambia "vumilia" wala "fikiria watoto".

Hospitali ilipomruhusu, hakukuwa na mahali pa kumweka. Kisegi wale ndugu walikujua. Chumba cha Mghoi kilipakana na duka la mmoja wao. Basi Mghoi akaja kwetu, akaongea na mama yako. Mama yako alikubali kabla sijafungua mdomo. Hivyo ndivyo nilivyomficha mwanamke nyumbani kwangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni tu.

Alilala kitandani mwako majuma mawili, nawe ukalala chini. Alikuwa hawezi kutafuna. Mimi sikuweza kukaa naye chumba kimoja. Nilijifanya nina zamu. Nilikula kituoni. Akiingia mlango huu natokea ule, na kile kipande cha karatasi kiko mfukoni, nakihamisha kila ninapobadilisha suruali, kana kwamba ni hirizi.

Siku ya nne au ya tano nilirudi mchana kuchukua kofia. Nikakukuta umekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha uji. Ulikuwa unamnywesha kwa kijiko kidogo, kile cha dawa. Ulipuliza, ukaonja kwa mdomo wako, ukauliza, "Bado ni moto?" Akatikisa kichwa. Ukangoja ameze. Uji mwingine ulimtoka pembeni mwa mdomo, ukaupangusa kwa upindo wa gauni lako bila kukunja uso. Hukumuuliza nani kakufanyia hivi. Hukumuuliza ulimkosea nini. Uliuliza tu kama ni moto. Mimi nilisimama pale na kofia mkononi, nikalia, mwanangu, kimya, nikageuka msinione.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Mghoi nikaweka kile kipande mezani pake. Nikamwambia nilikiokota wapi, na nilisema nini. Hakunisifu. Alisukuma karatasi mbele yangu akasema, "Andika. Yote." Nikaandika ushahidi dhidi ya fundi na dhidi yangu mwenyewe, na mwandiko wangu uliharibika hata hakimu baadaye aliomba usomwe na karani. Opiyo alifungwa. Mimi nilivuliwa meza ile, nikahamishwa, na cheo changu kikabaki pale pale mpaka siku ya kustaafu. Tulikwambia tunahama kwa sababu kazi ndivyo ilivyo.

Mwaka jana nilipita soko la Kisegi kutafuta mbegu. Nikamwona. Ana kibanda chake cha nafaka, anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, watoto wamekuwa wakubwa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi kwa miaka yote hiyo, nilikuwa nimeyapanga hata kwa Dholuo. Nikasimama mbele yake na yote yakaniishia.

Yeye ndiye aliyeanza. "Afande. Bado unaandika vizuri?"

Nikasema siandiki sana siku hizi.

Akanipimia mbegu. Kisha akauliza, "Yule msichana wa uji ako wapi?" Nikamwambia umekua, na sasa unataka kuwa polisi. Akafunga ule mfuko, fundo juu ya fundo. "Mwambie," akasema, "mtu kama mimi akija kwake, asimtume. Aende yeye mwenyewe."

Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Alinituma ujumbe mmoja tu. Na mwaka mzima sikukupa, kwa sababu nisingeweza kukupa ujumbe wake bila kukwambia ulitoka kwa nani na kwa nini. Ukarudi na ile hadithi ya uwanjani, nami nikaenda kumwangalia ng'ombe ambaye hayupo.

Siandiki haya ili unichukie wala ili unihurumie. Utakaponifikiria huko utaamua mwenyewe, na lolote utakaloamua nitalipokea. Lakini usiende kukaa kwenye meza ile ukidhani wewe ni mtoto wa koplo aliyeokoa mtu. Koplo huyo ndiye aliyemrudisha. Katika nyumba ile aliyefanya kazi ya polisi alikuwa Mghoi, na mama yako, na mtoto mmoja wa miaka minane mwenye kijiko cha dawa. Wakikuuliza tena kwa nini umejiunga, waambie habari ya huyo mtoto. Hiyo ni yako, haina nusu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuikunja barua hii mara mbili na kuitia ndani ya sanduku, chini ya taulo, uikute huko chuoni ukiwa peke yako, mimi nikiwa salama hapa nyumbani. Hata nimekwisha kuikunja. Nimeinua taulo. Kisha nikautazama mkono wangu na karatasi iliyokunjwa mara mbili, na nimeona kwamba ni mkono ule ule, unafanya kazi yake ile ile.

Basi hutaibeba. Nimesikia geti, na sauti ya mama yako akikukumbusha tena habari ya kufuli. Nitakuita ukae hapa kwenye kiti changu, nami nitakusomea yote, mstari kwa mstari, nikikutazama. Ukimaliza kusikia, useme unachotaka kusema. Sitatoka nje.

Baba yako